Magari na boda zinakimbia mtaani kwetu, tufanyeje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Tabora mjini

Maswali haya yametoka kwenye vikao vya mtaa, vijiwe vya kahawa na mengine msibani, maana msibani ndo watu wanakaa muda mrefu na magari yanapita mbele yao. Nimekuwa nayajibu kwa mdomo miaka kadhaa nikiwa mjumbe huku upande wa Isevya, nikachoka kurudia, kwahiyo nimeyaandika. Ukiona jibu fupi ujue jambo lenyewe fupi.

## Mambo ya kuanzia

Kwani mtaani spidi inayoruhusiwa ni ngapi?

Kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, hiyo iko kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, labda kuwe na kibao kinachosema pungufu. Wengi wanashtuka wakisikia hivo kwa sababu 50 kwenye njia yetu ya kupishana kwa shida ni mwendo wa kichaa. Ila 50 ndo mwisho, hujalazimishwa kuufikia, na sheria hiyohiyo inakataza kuendesha kwa hatari hata kama mshale unasoma 35.

Sasa 30 na 50 zina tofauti gani, si ni 20 tu hiyo?

Hapa naomba usome taratibu maana ndo kiini cha kila kitu kinachofuata.

Dereva akiona kitu anatumia kama sekunde moja kabla mguu haujagusa breki. Akiwa na 30, ndani ya hiyo sekunde gari imeshaenda kama mita 8, alafu breki inamaliza kama mita 5 nyingine kwenye lami kavu. Jumla mita 13, gari imesimama. Akiwa na 50, ile sekunde moja peke yake imekula karibu mita 14. Kwahiyo mtoto akichomoka mita 13 mbele yako kufuata mpira wa rede, wa 30 anasimama miguuni pake na kumtukana, wa 50 anampiga na spidi yote kwa sababu mguu wake bado haujafika kwenye pedeli. Na hiyo ni lami. Kwenye mchanga wetu na changarawe, tairi linateleza, ongeza mita mwenyewe.

Nguvu ya kugonga nayo haiongezeki kwa hesabu ya kujumlisha. Kutoka 30 kwenda 50 nguvu inakaribia mara tatu. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa spidi ukiongezeka asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda asilimia 4. Ndo maana mawaziri na wajumbe waliokutana Stockholm Februari 2020 walikubaliana kwamba sehemu ambazo watu wa miguu na baiskeli wanachanganyika na magari, mwisho uwe 30.

Kwanini wanakimbia na wanajua kuna watoto?

Kwa sababu barabara inawaruhusu. Najua jibu hili linaudhi, watu wanataka niseme madereva hawana adabu, na kweli wapo wasiokuwa nayo, lakini angalia hiki: greda ikipita mtaani, siku ya kwanza tunashangilia, siku ya tatu boda zinapaa. Madereva ni walewale, watoto ni walewale, kilichobadilika ni barabara. Mvua ikichimba mashimo wanatambaa tena.

Tabora yetu ni tambarare, mitaa mingi imenyooka kama rula, unaona mpaka mwisho. Jicho likiona mbali mguu unakandamiza. Kwahiyo swali la kujiuliza ni "barabara hii inamwambia dereva aende spidi gani?", na hapo ndo unapata cha kufanya. Kuwalaani tumelaani sana na hakuna aliyepunguza.

Nitajuaje kama kweli wanakimbia au ni macho yangu tu?

Pima. Huhitaji tochi ya trafiki, unahitaji kamba na simu. Pima mita 50 kando ya barabara, weka jiwe jeupe mwanzo na jingine mwisho, mtu mmoja akae sehemu anayoyaona yote mawili, abonyeze saa ya simu gari ikipita la kwanza na la pili. Ikitumia sekunde 6, hiyo ni 30 kwa saa. Sekunde 4 na nusu ni 40. Sekunde 3 na pointi 6 ni 50. Chini ya hapo andika na wino mwekundu.

Pima mara mbili, asubuhi watoto wakienda shule na jioni wakitoka madrasa. Na usikae katikati ya njia umevaa kama askari, watapunguza wakikuona. Sisi tulikaa chini ya mwembe na birika la kahawa.

Tuliyoyaona jioni ile yalitunyamazisha. Mafuso tuliyokuwa tunayalaumu kila kikao yalipita taratibu tu, yamebeba mzigo yangekimbilia wapi. Waliopita chini ya sekunde 4 wengi walikuwa boda, na Noah mbili za watu wa mtaa huohuo, mmoja wao ndo alikuwa anapiga kelele kuliko wote kuhusu watoto wake.

## Matuta

Si tuweke tuta tu yaishe?

Tuta zuri linafanya kazi, sikatai. Ila nusu ya matuta ninayoyaona hayafai: mengine mafupi na makali kama kizingiti cha mlango, yanavunja shokapu na kumpiga mgonjwa, alafu dereva akishaliruka anakanyaga mafuta kwa hasira. Mengine yamelala kiasi kwamba unavuka na 60 bila kuhisi. Tuta bovu kwangu mimi ni baya kuliko kukosa tuta, maana mtaa unahesabiwa "umeshapewa".

Tuta zuri linakuwaje?

Wengi wanadhani siri iko kwenye urefu wa kwenda juu, lakini iko kwenye upana. Waingereza walifanya majaribio miaka ya 1970 wakapata umbo ambalo mpaka leo linaigwa duniani: kimo cha kama sentimita 10, na kutoka pale gari inapoanza kupanda mpaka inaposhuka ni mita 3 na pointi 7. Ni mgongo wa pole kama kobe. Ukilipita na 25 au 30 hulisikii sana, ukilipita na 50 linakurusha. Ndo tunachotaka, asiyekimbia asiteseke.

Lile fupi lenye upana wa nusu mita linafanya kinyume, linamtesa zaidi anayekwenda taratibu. Anayekimbia sana saspensheni inameza.

Yawe mangapi na yaachane kiasi gani?

Moja peke yake halitoshi. Dereva anapunguza hapo, mita 50 mbele ameshasahau. Kwa mtaa wa makazi panga kila mita 80 mpaka 120 hivi, na la kwanza liwe karibu na kona au njia panda, mahali ambapo gari bado haijashika mwendo. Tuta la kwanza likiwa katikati ya barabara iliyonyooka, usiku mgeni atalivaa.

Kibao kabla yake na rangi nyeupe juu yake ni lazima. Rangi kwa vumbi letu haikai, mwaka mmoja imeshakuwa udongo, kwahiyo mkiomba tuta ombeni na kupakwa upya.

Kwanini tusijenge wenyewe? Udongo upo, vijana wapo.

Tulijenga. Ngoja nikwambie ilivyokuwa.

Mtoto alikoswakoswa na boda siku ya Ijumaa, Jumamosi asubuhi vijana wakachukua majembe, wakaenda kubomoa kichuguu, na udongo wa kichuguu si unaujua, ukimwagia maji na kushindilia unakuwa kama tofali. Saa sita mchana tuta limesimama, kimo kinafika kwenye ugoko, watu wanapiga picha. Hakuna aliyefikiria rangi wala kibao. Usiku uleule kijana anayesambaza mayai na pikipiki, trei zimefungwa nyuma mpaka kichwani kwake, akalivaa gizani. Mkono ulivunjika. Sisi tuliolijenga ndo tuliomwokota, na mayai yalikuwa yanatiririka kwenye taa ya pikipiki ambayo bado inawaka. Tuta lile lililokuja kulinda watu ndo likawa la kwanza kuvunja mtu mtaani kwetu. Mvua za Novemba zilikuja kulimaliza lenyewe, likabaki dimbwi.

Mbali na aibu, ni kosa. Kuweka kizuizi au kuchimba barabara ya umma bila kibali cha mamlaka ya barabara kumekatazwa na Sheria ya Barabara ya 2007, na mtu akiumia pale wanaotafutwa ni nyie. Gogo, matairi yaliyofukiwa, mawe, vyote hesabu ileile.

Wenye baiskeli za mkaa na maji watapitaje?

Swali zuri na wataalamu wengi wanalisahau. Baiskeli yenye gunia tatu za mkaa inayotoka porini alfajiri haiwezi kupanda tuta kali, jamaa atashuka asukume, na akishuka mzigo unamwangukia. Acheni nafasi kila upande kama ya mita moja kati ya mwisho wa tuta na ukingo wa barabara, baiskeli ipite tambarare.

Mtasema boda nao watapita humohumo, na ni kweli watapita. Dawa ni kusimamisha nguzo fupi au jiwe lililopakwa rangi mwanzo wa kinjia hicho: baiskeli inapenya, boda nayo inapenya lakini lazima ipunguze kulenga. Haikomeshi asilimia mia, inasaidia.

Na maji ya mvua?

Nafasi hiyohiyo ya pembeni ndo njia ya maji. Tuta lililojengwa kutoka mtaro mpaka mtaro ni bwawa, kuanzia Novemba mpaka Aprili mtakuwa mnafuga vyura, na maji yakikosa pa kwenda yanaingia kwenye uwanja wa mtu au yanakata barabara pembeni. Kabla hamjachagua mahali, tokeni siku ya mvua kubwa mwone maji yanapita wapi.

Wajawazito, wagonjwa na gari la wagonjwa je?

Umbo la kobe lililoelezwa hapo juu linapunguza sana tatizo hili. Kwa njia ambayo gari la wagonjwa au zimamoto linapita mara kwa mara, kuna aina ya tuta lililokatwa vipande, mfano mito imepangwa kwenye barabara: gari kubwa lenye tairi zilizoachana linapitisha tairi pembeni ya mto bila kupanda, gari dogo lazima lipande. Ombeni hilo. Na njia ya kwenda hospitali moja kwa moja mimi ningeiacha bila matuta, nitumie njia za sehemu inayofuata.

Rasta zinafaa kuliko matuta?

Rasta, vile vistari vya lami vinavyotetemesha gari, zinafaa barabara kuu kumwamsha dereva kabla ya kivuko au tuta. Ghana waliweka kwenye njia panda ya Suhum, barabara ya Accra kwenda Kumasi, ajali zikapungua kama asilimia 35 na vifo asilimia 55. Sio mchezo.

Ila mbele ya nyumba yako usizitake. Kila gari ikipita usiku ni ngrrrr, na waliozizoea wanagundua kwamba ukizipita kwa kasi zinatikisa kidogo kuliko ukipita polepole.

## Mbali na matuta

Barabara yetu ni ya vumbi, tuta halikai. Tufanyeje?

Bana barabara. Barabara pana ndo adui. Ikiwa njia inaruhusu magari mawili yapishane bila hata kutazamana, watakimbia. Ikibanwa sehemu moja mpaka ipite gari moja kwa zamu, lazima mmoja asubiri, na kusubiri hakuendi na 50.

Kwa ruhusa ya mamlaka (usirudie hadithi ya mayai) mnaweza kuweka mawe makubwa yaliyopakwa chokaa pande mbili yakabana njia, au kupanda miti. Na hapa Tabora hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Miembe ya zamani iliyopangwa kando ya njia inafanya hiyo kazi, dereva akiingia kwenye kivuli chenye vigogo karibu na bega lake anapunguza mwenyewe bila kuambiwa, jaribu siku moja kutoka sehemu ya wazi kuingia kwenye miembe uone mguu wako unafanya nini. Hasara yake ni msimu wa maembe: watoto wanakimbilia lililodondoka hawaangalii kushoto wala kulia. Kwahiyo mkipanda karibu na barabara pandeni mti usiozaa matunda ya kugombaniwa. Na msipande kwenye kona, utaziba macho ya dereva.

Kuna kupindisha njia pia nimesikia?

Ndiyo. Uholanzi, mji wa Delft, mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi walichoka kama tulivyochoka sisi, wakaweka miti, mabenchi na vitanda vya maua kwa kupishanisha, kushoto alafu kulia, gari ikawa inapita kama nyoka. Serikali yao ikaja kulitungia sheria 1976. Kwetu ni rahisi zaidi kwa sababu barabara nyingi za mtaa hazina lami wala kingo, mnahitaji miche, mawe na makubaliano.

Tukiweka kibao cha 30 peke yake?

Kinasaidia kidogo. Ujerumani mji mdogo wa Buxtehude ulianza majaribio ya eneo zima la 30 mwaka 1983, lakini waliambatanisha na kubana na kubadilisha mitaa yenyewe. Kibao kikisimama kwenye barabara pana iliyonyooka kinakuwa mahali pa kufunga mbuzi. Weka kibao pamoja na kitu cha kukitetea.

Njia panda yetu kila mtu anapita tu, tuta au kipilefti?

Kipilefti kidogo, kama nafasi ipo. Hata duara la mawe lenye mti katikati linamlazimisha kila anayekuja azunguke, na anayezunguka hawezi kukimbia. Hakikisheni Fuso linaweza kukunja, la sivyo litakuwa linapanda juu ya mti wenu.

Mbele ya shule?

Hapo usibanie, weka vyote: kivuko kilichoinuliwa kama tuta lenye kichwa bapa ili mtoto avuke akiwa juu na aonekane, vibao, njia ya miguu iliyotengwa na barabara, na geti lisitazame moja kwa moja barabarani. Mfano wa nyumbani upo. Shirika la Amend lilifanya kazi hii kwenye shule za Dar es Salaam, vitu vya gharama ya kawaida tu, matuta, vivuko, nguzo za kutenga njia ya miguu, na mwaka 2019 mradi huo ukachukua tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute, ukishindana na miradi ya dunia nzima. Mwalimu mkuu akikwambia haiwezekani bila mamilioni ya wafadhili, mwambie aanze na kuhamisha geti.

## Kwenda ofisini

Barabara yetu ni ya nani, tumfuate nani?

Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini, walioanza 2017. Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ukikosea ofisi barua yako inakaa kwenye faili la watu wasiohusika. Kama hujui, muulize mtendaji wa mtaa au wa kata, au wapigie TARURA uwatajie jina la barabara.

Trafiki wao wanasimamia madereva, hawajengi tuta. Na mwenyekiti wa mtaa hana kibali cha kujenga hata akisema anacho.

Ombi linapita wapi?

Mkutano wa wananchi wa mtaa kwanza, na muhtasari uandikwe wenye majina na sahihi. Hapo ndo wengi wanaharibu, wanaenda watu watatu wenye hasira bila karatasi. Muhtasari uende kwa mtendaji wa kata, upite kamati ya maendeleo ya kata, na diwani aubebe. Nakala mpelekee meneja wa TARURA moja kwa moja usisubiri.

Ambatanisha zile sekunde ulizopima. Ofisi zimezoea "magari yanakimbia sana tunaomba msaada", hawajazoea karatasi inayosema kati ya saa 10 na saa 12 jioni pikipiki kadhaa zilipita mita 50 chini ya sekunde 4, na ramani ya mkono inayoonyesha shule, madrasa na bomba la maji. Injinia akiona namba anakaa vizuri kwenye kiti.

Na angalia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, bajeti zinapikwa miezi mingi kabla, kwahiyo ombi la Mei ni la mwaka wa kesho kutwa. Pelekeni mapema.

Tumepeleka hatujajibiwa.

Omba mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, hilo la kwanza, bila mhuri hujapeleka. Alafu rudi baada ya wiki kadhaa na uulize limefikia meza gani, kwa upole. Shikamoo bado inafungua milango mingi kuliko hasira. Yetu ilipotea mara moja kwenye ofisi ambayo sitaitaja, tukatoa nakala yenye mhuri mezani, ikapatikana nusu saa baadaye chini ya kikombe.

Wananchi tukichanga wenyewe wanaruhusu?

Mara nyingi ndiyo, mkichangia kokoto, mchanga na nguvu kazi na wao wakaleta kipimo na usimamizi. Muhimu injinia achore mstari kwenye barabara kwa mkono wake kabla hamjamwaga zege. Michango iandikwe na isomwe kikaoni kama mapato na matumizi mengine, pesa ya tuta imeshagombanisha watu.

## Hali za pekee

Barabara kuu inapita katikati ya mtaa wetu, tuombe matuta?

Kwa TANROADS, na mjue barabara inayobeba mabasi na malori ya kwenda Nzega, Kigoma au Mpanda haiwekewi tuta kama la mtaani. Ombeni kivuko, rasta kabla yake, taa na vibao vya 50 vinavyoonekana. Na uzio au mtaro wa kutenga watoto, maana lori lililobeba tani nyingi halisimami ndani ya zile mita 13.

Tukibana huku si watahamia mtaa wa pili?

Watahamia. Wanaopita mtaani kwenu kukwepa barabara kubwa watatafuta kichochoro kinachofuata, na wale jirani watakuja na barua yao dhidi yenu. Ndo maana ombeni mkiwa mitaa miwili mitatu pamoja, kata ikipangwa yote kwa mara moja inakuwa haina njia ya mkato. Ikishindikana angalau mkawaambie mapema.

Mwenye nyumba hataki tuta mbele kwake.

Ana haki ya kusikilizwa. Breki na kuondoka tena kuna kelele na vumbi, na Fuso tupu likiruka tuta kitanda kinatikisika. Sogezeni liwe kwenye mpaka wa viwanja viwili au mbele ya kiwanja kitupu, mita 10 huku au kule hazibadilishi kazi yake. Kama hataki popote, rudini kwenye njia za bila tuta.

Anayekimbia tunamjua, ni boda wa kijiwe chetu.

Msianze na trafiki. Kila kijiwe kina mwenyekiti wake na faini zao za ndani, na boda anamwogopa mwenyekiti wa kijiwe kuliko kibao. Mkae nao mkiwa na zile sekunde mkononi, bila majina kwanza. Sisi waliomba jambo moja ambalo hatukulitegemea: abiria waache kuwaambia "kimbiza nimechelewa". Tukakubali, na ndo kikao pekee nilichoona pande zote mbili zimetoka zinacheka.

Msiba ukiwepo tunaweza kufunga barabara?

Turubai likikaa njiani, mjulisheni mwenyekiti na mtendaji, acheni upande gari la wagonjwa lipite, na usiku wekeni taa au kitu cheupe pande zote mbili mita za kutosha kabla, hata ndoo zilizogeuzwa. Tawi bichi barabarani madereva wanalielewa mchana, gizani halionekani. Kamba nyembamba iliyofungwa mti kwa mti msiweke kabisa, inakata shingo ya mwenye pikipiki.

Tuta lipo ila limekuwa kero, linaweza kuondolewa?

Linaweza, kwa njia ileile lilivyoombwa: mkutano, muhtasari, TARURA. Mara nyingi wanachofanya ni kulichonga liwe pana badala ya kuling'oa. Msilivunje usiku na sururu, kuna mtaa walifanya hivo, wakaacha shimo lenye ncha, na shimo lile sasa ndo linapunguza spidi.